Motokari Nyekundu Nyuma ya Jikoni

Tangu tumzike kaka yangu, Yaya Donat, nimetoka nyumbani mara mbili: kwenda makaburini na kurudi. Wanangu wanasema kurudi hakuhesabiwi. Mimi nakuhesabu, maana njia ilikuwa ileile na vumbi lilikuwa lilelile. Hapa Kapata, mtaa wa Kolwezi, wananijua. Nimekaa katika nyumba hii ya kampuni ya migodi tangu nikiwa msichana, na majirani husema viatu vyangu vinazeeka chini ya kitanda bila kuona barabara. Sibishani nao. Donat ndiye aliyetembea kwa ajili ya nyumba nzima. Maisha yake yote aliendesha malori ya kwenda Kasai, na katika kilio chake madereva walijaa uani, wakila bukari, ugali wetu, na kusimulia jinsi alivyokuwa akipita milima kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Mmoja wao, aliyekuwa akipokezana naye usukani, alinisogelea na mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na blanketi, sufuria ndogo, na viatu vya ngozi vya mwanamume, vyeusi, vya zamani, vimepakwa rangi vikang'aa. "Mama Astrida," aliniambia, "bintu bya Donat bya mu lori ni bile. Lakini bilatu, mi sijue. Habikumwingia. Na kila fasi tunasimama, anashuka, anaangalia mu ma-parcelle ya batu, nyuma ya manyumba. Alikuwa anatafuta nini?" Nilimwambia akae kwanza ale. Wajukuu wangu walikuwa wakinitazama, wote pamoja, na nikajua kwamba siku moja ningepaswa kujibu. Nimechagua kujibu kwa kuandika, kwa sababu kuandika kunafanyika mtu akiwa amekaa.

Basi ni juu ya mwaka mmoja, ule mwaka ambao kampuni ilikuwa inakufa na watu wa Kasai walifukuzwa. Baba yetu, Tata, alikuwa mekanisyen, fundi, katika gereji ya magari ya wakubwa. Injinia mmoja mzungu aliondoka Kolwezi kwa haraka ya watu wanaojua jambo ambalo wengine hawajaambiwa, akamwachia Tata motokari yake ya mashindano: nyekundu, milango miwili, fupi kama benchi la kanisa. Injini yake ilikuwa hai. Kilichokosekana ni bwate, boksi la gia, ambalo mtu alikuwa ameling'oa, na chapa ya mbele, ambayo mtu mwingine alikuwa ameing'oa pia, hivyo hatukujua kamwe ilitengenezwa na nani. Donat alidai ni ya Italia. Tata alidai ni ya Mungu. Trakta ya kampuni iliivuta mpaka nyuma ya jikoni yetu, ikawekwa juu ya matofali chini ya mabati, na Mama akatoka na mwiko mkononi akaizunguka. "Hii ni motokari ya kulala, hapana ya kukaa," alisema. "Mutu atafanana na mwenye kutafuta sindano chini." Kabla wiki haijaisha alikuwa ameshona vitambaa vya viti.

Sijui kama watu wanaopenda magari ya mbio wanaruhusiwa kupenda gari lisilokwenda. Mimi niliipenda kwa sababu hiyo hasa. Ilikuwa chumba kizuri kuliko vyote tulivyokuwa navyo: harufu ya ngozi na mafuta, kioo cha mbele kilichogeuza mti wa mapapai wa jirani kuwa mandhari, na mlango uliofungwa kwa sauti ya heshima. Kila siku ya Yenga, Jumapili, baada ya misa, tulikwenda safari. Sheria ilikuwa moja: hakuna anayeingia na viatu. Tuliviacha kwenye saruji ya mlango wa jikoni, vya Tata vikiwa mwisho wa mstari, vidole vikitazama ukuta. Tata alishika usukani, Donat akakaa kando yake kama kopilote, mimi na mdogo wetu Fifi tukajibana nyuma mahali palipotengenezwa kwa ajili ya mbuzi mmoja mwembamba. Essence, petroli, ikiwapo kidogo, Tata aliwasha injini kweli, ili ipumue. Ikikosekana, aliiwasha kwa mdomo. Gia ndiyo ilikuwa ya mdomo siku zote. Nimewasikia waigaji wa ndege na waigaji wa mapadri, lakini sijamsikia mtu aliyeweza kubadilisha ya pili kwenda ya tatu kama Tata, na kile kikohozi kidogo katikati. Donat alitangaza njia: "Tata, kona ya kushoto. Lori mbele. Daraja ya Lualaba, punguza." Tata alipunguza. Fifi alitapika mara moja kwa ajili ya kona ambazo hazikuwepo. Mimi nilisema, "Turudie hapa, inatosha," na Tata akacheka usukani ukatikisika. "Mutoto huyu njo freni yangu," alisema. "Motokari ya mbio bila freni inaua batu." Jina likanibaki. Mpaka leo Fifi, aliye Lubumbashi, akipiga simu anasema: Freni, ungali umesimama?

Mama hakuingia kila mara, kwa kuwa mtu alipaswa kubaki na sufuria, lakini alikuwa na sehemu yake. Tulipofika mbali, Tata alishusha sauti polepole, ya nne ikayeyuka, ikawa mvumo, ikawa kama nzi, ili Mama kule jikoni asikie gari likipotelea upande wa Fungurume. Naye, bila kugeuka, alipaswa kupiga kelele: "Mulete mukate ya Likasi!" Ndipo tulipopiga makofi, na safari ikahesabiwa kuwa safari. Kurudi kulitangazwa kwa honi. Honi ilikuwa ya kweli. Tukishuka, Mama aliuliza mkate uko wapi, na Tata alikuwa na uongo mpya kila juma: umeliwa na askari wa barabarani, umepewa padri, ulikuwa moto mno ukaruka dirishani. Pia alitufundisha mchezo wa kufumba macho na kutaja kila gari lililopita kwenye barabara ya lami. Mama alitushinda wote. Aliweza kusema dereva ana njaa au ameshiba.

Nikitazama nyuma naona kwamba safari zilirefuka kadiri chakula kilivyofupika. Mposho, ule mgao wa unga wa kampuni, ulianza kuchelewa, kisha ukaja nusu, kisha likaja neno tu kwamba utakuja. Bukari ikawa ndogo katikati ya sahani, tusamaki twa kukausha tukahesabika. Siku ambazo hapakuwa na cha mchana tulikwenda mbali kuliko Likasi, tukafika Lubumbashi, na Tata alituegesha mbele ya hoteli akatuuliza tunataka kula nini. Fifi alitaka kuku. Donat alitaka nyama ya ng'ombe na viazi. Mimi nilitaka sombe, kisamvu cha nyumbani, nao wakanizomea. Sasa wajukuu wangu wanatazama magari ya namna hiyo katika simu, magari ya watu wasiowajua, na kila linaponguruma wananiita nifumbe macho niseme ni gia ya ngapi. Nasema. Sikosei. Wanashangaa kwamba mtu asiyefika hata soko la Dilala bila kulalamika anajua hayo. Siwaambii kwamba nilijifunza nikiwa na njaa.

Kisha likaja lile neno, bilulu. Wadudu. Lilisemwa kwanza katika mikutano, halafu kwenye foleni ya maji, halafu mtoto mmoja wa darasani kwangu alilisema akitabasamu, kama mtu anayejaribu kofia mpya. Tata alizaliwa Kasai, kwa hiyo alikuwa mdudu. Na sisi, tuliozaliwa hospitali ya Kolwezi na mama wa hapahapa, tulikuwa wadudu kwa baba. Gereji ilimwambia asirudi. Vijana walipita avenyu kwa avenyu wakigonga milango kwa fimbo, wakiuliza kwa adabu mbaya: bado muko? Familia iliyoishi mkabala nasi iliondoka na mabati ya paa lao, na kwa siku kadhaa nyumba ile ilisimama wazi juu kama sufuria bila kifuniko. Kila aliyefukuzwa alielekea gare, kituo cha treni, kungoja mabehewa ya kwenda kwao, hata kama huko kwao hawakuwahi kufika.

Mjomba Kalenga, kaka yake Mama, alifanya kazi gereji ileile. Alikuja alasiri moja, akaketi sebuleni, nami nilikuwa jikoni nikichambua mchele uliokwisha chambuliwa, kwa sababu mtu anayesikiliza lazima awe na kazi mikononi. "Shemeji," alisema, "mi nasema kweli, na isikuume. Bakipata weye humu, batachoma nyumba na batoto ndani. Kama weye unaenda, nyumba nitaiandikisha kwa jina yangu. Dada na batoto babakie. Hakuna mutu atabagusa." Nikasikia Tata akiweka kikombe chini. "Kalenga, ile motokari iko na biti biwili, na tunaingia batano. Ulishaona naacha mutu?" Mama alikuwa amesimama mlangoni. "Kaka, weye unatugawa sawa nyama ya mawindo," alisema. "Tutaenda bote ao tutabakia bote. Nilisha kufunga mizigo." Na kweli ilikuwa imefungwa, mabunda ya kitenge yaliyopangwa ukutani kwa ukubwa, la Fifi likiwa la mwisho na mwanasesere wake akichungulia. Mjomba alisema: "Basi uniachie motokari." Tata akacheka, cheko la kwanza la juma zima. "Iko bila bwate." "Bwate nitaleta." Tulikubaliana kwamba tutaondoka Jumatatu ya wiki ya pili.

Kabla ya hapo Tata alituchukua mimi na Donat tupeleke chakula kwa rafiki yake wa kazi aliyetangulia gare. Ndiyo safari ya kweli niliyowahi kusafiri naye, na ilikuwa ya miguu. Watu walikuwa wamejenga vyumba kwenye jukwaa la treni kwa makabati na milango waliyotoka nayo. Mwanamke mmoja alikuwa na kitanda kilichotandikwa vizuri, shuka jeupe, chini ya mbingu, na pembeni alipikia kuni za fremu ya dirisha. Rafiki wa Tata alipokea sufuria akatuuliza habari za gereji, kana kwamba bado ni yake. "Treni inakuya lini?" Tata aliuliza. "Ile ya jana ilikuya," alisema. "Ilijaa mbele haijasimama." Alikuwa na watoto wanne, tuliwajua; nikaona watatu, nikafikiri wa nne amekwenda kuteka maji. Kisha mwanamume alipita kando ya reli amebeba kitu kidogo kilichofungwa kitenge, na hakuna aliyemfuata, wala mwanamke wa kulia, na watu kwenye vyumba vyao vya makabati waliinua macho wakayashusha. Tata alivua kofia. Rafiki yake akasema, kwa sauti ya mtu anayeeleza utaratibu wa mahali, "Hapa batoto banaanza na kuhara." Tata hakumwuliza juu ya yule wa nne.

Tukirudi alitembea mbele. Karibu na nyumbani alinigeukia: "Freni, weye utaweza kukaa pale?" Nami, niliyekuwa na umri wa kuona kila swali ni nafasi ya mzaha, nilisema: "Kukaa, Tata? Njo kitu moja najua." Alicheka. Donat naye alicheka. Tata akaendelea kutembea, na nikaona nyuma ya shingo yake kwamba cheko lilikuwa limekwisha zamani.

Mjomba Kalenga alileta bwate kwa toroli, imefunikwa na majani ya sombe, na bidon, dumu dogo, ya essence ya kujaribia. Tata alifanya kazi juma zima chini ya mabati, Donat akimpa funguo. Aliitoa motokari juu ya matofali akaivalisha magurudumu yake. Mama alimwambia asijichoshe kwa ajili ya kitu cha kumwachia mtu. "Mutu asipokee motokari ya kuchutama," Tata alijibu. Alikata ua wa nyuma, upande wa kichochoro, ili Mjomba apate pa kuivutia, maana alituambia bwate haijakubali vizuri, itahitaji kuvutwa. Tulimwamini. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kutomwamini mtu aliyetudanganya siku zote juu ya mkate tu.

Siku ya Yenga ya mwisho Mama alichinja kuku wetu aliyebaki, kwa kuwa kuku hafungwi katika bunda. Tulikula ndani, tukikaa juu ya mizigo. Fifi alipata paja na Tata akampa na la pili, lililokuwa lake. Alinawa mikono, akafuta kijiko chake kwa kitambaa, jambo ambalo hakulifanya kamwe. "Mi naenda kuaga motokari," alisema. Donat aliinuka kama kawaida. "Hapana. Leo kopilote apumzike." Akapita jikoni. Tukasikia injini ikiamka, ikikohoa, ikikaa sawa. Mama alikuwa ameingiza mikono katika beseni la vyombo, mimi nikipangusa sahani. Ya kwanza. Kikohozi kidogo. Ya pili. "Anacheza peke yake," alisema Donat, "musimusumbue." Ya tatu ilikuja laini kuliko siku zote, tukatazamana tukitabasamu, kwa sababu ilikuwa nzuri mno, na kisha sauti ikaanza kushuka, polepole, ikawa mvumo, ikawa kama nzi. Mama hakugeuka. Alipiga kelele, na povu la sabuni likimtiririka viwikoni: "Mulete mukate ya Likasi!" Nasi tukapiga makofi.

Tulingoja honi. Mama alimaliza sahani, akaanza sufuria. Fifi akauliza Tata amefika wapi, Donat akamwambia amefika daraja la Lualaba, anapunguza. Majirani hawakutoka hata kuchungulia; walikuwa wamezoea kutusikia tukiondoka kila juma. Hatimaye Mama aliniambia nimwite aje anywe chai. Nilifungua mlango. Mabati yalikuwepo, matofali yalikuwepo katika marundo yao manne, doa la mafuta lilikuwa katikati, na ua ulikuwa wazi mpaka kichochoroni. Kwenye saruji, mwisho wa mstari, vilikuwepo viatu vyake, vidole vikitazama ukuta. Alikuwa amevivua kama kawaida. Sikuita. Nilisimama, kama jina langu, mpaka Mama alipokuja nyuma yangu akikausha mikono, na nikasikia mikono ikiacha kukausha.

Jumatatu vijana walikuja na fimbo zao. Mjomba Kalenga alikuwa amekaa kwenye kizingiti na karatasi ya nyumba mapajani. "Kilulu kiko wapi?" "Kilikimbia." Mmoja aliona viatu. "Kilikimbia miguu wazi," alisema, wakacheka, wakaenda nyumba iliyofuata. Hawakurudi tena. Alichokifanya Tata kilifaulu, na hilo ndilo ambalo Mama hakumsamehe. Mabunda yalikaa ukutani yakiwa yamefungwa mpaka panya walipoyafungua. Miaka yote iliyombakia hakumuaga mtu kwa sauti tena. Alimsindikiza kila mgeni mpaka nje, akimshika mkono, mpaka amwone kwa macho akienda. Mjomba, tulipomwuliza kama alijua mpango wa Tata, alisema tu, "Ile bwate ilikuwa ya kwangu," akatazama pembeni. Tulisikia kwamba motokari nyekundu ilionekana Lubudi, dereva akiomba maji ya radiata, pekupeku. Tulisikia kwamba ilichomwa kwenye barriere, kizuizi cha barabarani, kabla ya hapo. Watu wa Kasai waliofika salama hawakumwona. Fifi, akiwa bado mdogo, alisema mtu aliyeacha viatu nyumbani hajaenda mbali, na hatukumkosoa.

Donat alipokuwa mtu mzima alikuja asubuhi moja akavichukua viatu vile. Hatukupanga, lakini tangu hapo ilieleweka: yeye atatafuta, mimi nitakaa, ili mmoja wetu awepo mzee akirudi. Alivipaka rangi, akavibeba barabara zote mbovu za nchi hii, akichungulia nyuma ya nyumba za watu. Aliwahi kuona boneti nyekundu imefunika kisima, karibu na Mwene-Ditu, akakaa hapo saa nzima akiipapasa. Haikuwa yetu. Kazi yangu ilikuwa rahisi kuliko yake na niliifanya vizuri.

Sasa anayetafuta amekufa, amebaki anayekaa. Jana nilivirudisha viatu vya Tata kwenye saruji ya mlango wa jikoni, vidole vikitazama ukuta, nione tu. Mjukuu wangu mdogo alitoka akakimbilia mahali palipokuwa na mabati, ambapo siku hizi naanika mihogo, akasimama ghafla. Aliviona. Akainama, akavua kandambili zake, akazipanga kando ya viatu vile, bila kuambiwa, kisha akaniuliza, "Nkambo, ni bya nani?" Nilimwambia ni vya mtu aliyekwenda Likasi kununua mkate. "Atarudia lini?" Huko barabarani gari kubwa la wakubwa wa sasa lilikuwa likipita, nikalisikia likibadilisha, ya tatu, ya nne, likiyeyuka. Nilisikiliza mpaka mwisho. Halafu niliingiza viatu ndani, kwa kuwa mawingu yalikuwa yamejaa, nikaviweka chini ya kitanda, pamoja na vyangu.